Magofu ya Kaole: Twende Kujifunza Nini?

Wanafunzi wengi waendao Kaole hurudi na jambo moja tu: kwamba kuna misikiti miwili na makaburi ya kale. Hayo mtu aweza kuyasoma kitabuni bila ya kupigwa na jua kilomita tano kusini ya Bagamoyo. Yafaa basi tujue mapema twaenda kutafuta nini.

Lengo la kwanza, kwa maoni yangu, ni kutenga lile linaloonekana na lile linalodhaniwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zaonekana. Mikoko iliyoziba njia ya baharini yaonekana pia, nayo yatufanya tuulize vyombo vilitia nanga wapi. Lakini waliojenga walikuwa nani? Hapo dhana huanza.

Bwana Neville Chittick, aliyechimba Kaole mwaka 1958, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioona kuwa asili ya miji ya pwani ni ng'ambo ya bahari. Mwaka 1994 Felix Chami, Mtanzania, alitoa kitabu juu ya vigae vya vyungu vya pwani yetu, akaonyesha kwamba wakulima na wafua chuma wa Kibantu walikuwako hapa karne nyingi kabla ya misikiti hiyo. Kisha mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mifupa ya watu 80 wa zamani, wa pwani na bara ya jirani. Katika miji kadhaa, Kilwa ikiwamo, upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika hasa, na upande wa kiume, kwa sehemu kubwa, ulitoka Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Makaburi ya Kaole hayakuwamo, basi tusiyasemee.

Mwaona jinsi ilivyo? Hadithi ya wageni haikufutika yote, wala ya wenyeji haikushinda yote. Mwanafunzi atakaye jibu moja la kukariri kwa ajili ya mtihani atapata taabu hapa.

Kule Kunduchi watu husifu sahani za Kichina zilizopamba nguzo za makaburi. Ni nzuri kweli, lakini zatuambia zaidi habari za matajiri na biashara yao. Chungu cha kupikia chatueleza habari za jikoni, za wale mama wasioandikwa popote. Ndiyo sababu asiokote mtu kigae na kukitia mfukoni: kikishatoka katika tabaka lake la udongo, ni vigumu zaidi kusema ni cha zamani kuliko kipi.

Likizo hii, mwenye bibi mfinyanzi amwamkie, akae naye, amwulize udongo huchimbwa wapi, chungu huchomwa kwa kuni gani, na mistari ya shingoni yaitwaje. Aandike kwa maneno ya bibi mwenyewe, na aweke tarehe na jina la kijiji.