Paka wa Stoo Akiumia

Ndugu wanakikundi, hapa Moi's Bridge mahindi ndiyo maisha yetu, na yule paka asiye na mwenyewe anayezunguka stoo hutupunguzia panya bila mshahara. Siku moja mnamwona anachechemea, mguu umevimba, na hashikiki. Tufanyeje?

Kwanza msimkimbize. Akifukuzwa ataingia chini ya stoo na kufia humo. Watoto nao wasitumwe kumkamata, hata kidogo! Mwekeeni omena mahali pamoja, saa ile ile kila jioni, mpaka azoee. Kisha wekeni chakula ndani kabisa ya kizimba cha kuku, mlangoni mfunge kamba ndefu. Mtu mmoja akae mbali, kimya, avute paka akishaingia. Funikeni kizimba kwa gunia mara moja. Gizani paka hutulia. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo akiwa humo humo. Panadol msimpe: kidonge kimoja chaweza kumwua.

Lakini tunalohofia zaidi ni meno yake. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zikishaonekana kwa mtu, ni kama hakuna anayepona. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kadogo tu. Sindano ni kadhaa, usikatize. Mwenzetu akikosa nauli, kikundi kimkopeshe kwanza, hesabu baadaye.