Dondoo muhimu: Kufufua helikopta ya Dinky Sea King

Mfano huu wa kuchezea wa Dinky Toys, Uingereza, ni wa miaka ya 1970. Una bodi ya aloi ya zinki, mapanga yanayozungushwa na mota ya betri, na winchi ya kuinulia chombo cha anga cha Apollo.

- Pima kabla ya kugusa. Rangi ya kiwandani ikiwa bado nzuri, safisha tu. Ubunifu ufanyie kwenye mfano uliochakaa. Wakusanyaji huthamini uhalisia.
- Ribiti inayofunga bodi haikubali bisibisi. Toboa kichwa chake taratibu kwa drili, kisha funga upya kwa skrubu ndogo.
- Mota haizunguki? Angalia kwanza vibati vya betri. Unga mweupe wa betri za alkali utoe kwa pamba yenye siki kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji, kausha. Siki isikae kwenye bodi, maana hula zinki.
- Vioo vya rubani. Supa gluu huacha utando mweupe kwenye plastiki angavu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.
- Rangi mpya. Ondoa plastiki zote kabla ya kupaka dawa ya kutoa rangi, kwani huziyeyusha. Anza na praima ya chuma, kisha tabaka nyembamba. Kila moja ikauke kabla ya inayofuata.
- Ukiuza, mwambie mnunuzi vipuri na rangi ulivyobadilisha.