Msamiati wa soko: "Clean" ya meli si ubora wa mzigo

NENO la Kiingereza "clean" linapogongwa kwenye hati ya shehena, wafanyabiashara wengi hulichukua kuwa cheti cha ubora. Sivyo. Maana yake ni kwamba hati hiyo haina maandishi ya upande wa meli yanayotamka kuwa bidhaa au vifungashio vyake vina kasoro.

Kwa hiyo magunia 300 ya korosho yanaweza kusafiri kwa hati safi huku ndani mna ukungu. Meli hutazama nje, haifungui gunia. Anayetaka uhakika wa ndani amlipe mkaguzi kabla ya kupakia. Kinyume chake, maneno kama "magunia 12 yamechanika" yanatosha kuichafua hati, hata kama korosho zenyewe ni za daraja la kwanza.

Hapo ndipo fedha hukwama. Chini ya kanuni za Chemba ya Biashara ya Kimataifa zijulikanazo kama UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 1, 2007, benki inayolipa kwa hati ya muamana, yaani LC, hupokea hati safi tu. Cha kushangaza, kifungu cha 27 hakidai neno lenyewe liandikwe, hata pale LC inapotaka "clean on board". Hati iliyo kimya kuhusu kasoro ni safi tayari, na muuzaji hana sababu ya kuhangaikia mhuri.

Wapo wanaouahidi upande wa meli kwa maandishi kuwa watalipa hasara yoyote, ili mradi wapewe hati safi. Ni mtego. Mwaka 1957, katika kesi ya Brown Jenkinson dhidi ya Percy Dalton, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitazama mapipa ya maji ya machungwa yaliyopelekwa Hamburg yakiwa yanavuja. Upande wa meli ulijua, ukatoa hati safi kwa kutegemea ahadi ya aina hiyo. Ulipodai kulipwa ulishindwa, kwa kuwa hati ilitamka jambo ambalo waliijua kuwa si kweli. Nafuu kubadilisha magunia gatini.

Kwa wenye hatifungani neno hilo lina maana nyingine kabisa: bei "clean" ni ile isiyohesabu riba iliyolimbikizwa tangu malipo ya mwisho. Mnunuzi hulipa vyote viwili, na aliyeandaa fedha za bei hiyo pekee atapungukiwa siku ya malipo.