Kulinganisha Shule za Msingi za Umma: Wastani Pekee Hautoshi

Mzazi wa Pangani, Mkinga au Kilindi hatozwi ada katika shule ya msingi ya umma. Hata hivyo, kumhamisha mtoto kuna gharama yake: mwendo mrefu zaidi asubuhi, sare mpya, au mtoto kwenda kuishi kwa ndugu mjini Tanga. Uamuzi huo usitegemee namba moja.

Namba inayotazamwa zaidi ni wastani wa shule katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Baraza la Mitihani la Tanzania huuweka katika tovuti yake, pamoja na idadi ya waliofanya mtihani na madaraja waliyopata. Tangu mwaka 2023 Baraza halitangazi orodha ya shule 10 bora. Ni juu ya mzazi kulinganisha. Mtihani una masomo 6 ya alama 50 kila moja, jumla 300. Anayepata alama 121 au zaidi, yaani daraja A, B au C, huhesabiwa amefaulu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kwanza ina wastani wa alama 190, na watahiniwa wake 20 wamefaulu wote. Ya pili ina wastani wa 150. Kati ya watahiniwa 80 wamefaulu 60. Lakini watoto hao walipoanza darasa la kwanza, shule ya kwanza iliandikisha 60 na ya pili 90. Basi ya kwanza imefaulisha mtoto 1 kati ya kila 3 walioanza. Ya pili, 2 kati ya 3. Wastani hauwahesabu walioishia njiani.

Kwa hiyo tunamshauri mzazi amuulize mwalimu mkuu, au aulize katika mkutano wa wazazi:

1. Walioanza walikuwa wangapi, na wasiofika mwisho wamekwenda wapi? Wengine huwa wamehamia shule nyingine, wala si watoro.
2. Matokeo ya miaka 3 mfululizo yakoje? Penye watahiniwa wachache, watoto wawili tu hubadili wastani.
3. Walimu ni wangapi, na mtoto anayechelewa kusoma husaidiwaje?

Asiporidhika na majibu, amwone afisa elimu kata kabla ya kuomba uhamisho.