SOMO LA BIBLIA: YAKOBO ALIPOBAKI PEKE YAKE MTONI

Masomo: Mwanzo 32:3-32 na 33:1-11; Matendo ya Mitume 20:13-14; Mathayo 5:23-24.



Kabla hatujaanza, twaomba kila mmoja afungue Biblia yake na kusoma sehemu hizo kwa utulivu. Asiye na Biblia na asogee kwa jirani yake. Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi wetu tumeliacha tangu pikipiki zilipozidi njiani: kutembea kwa miguu kutwa nzima, peke yako, kando ya mto. Huenda mtu akauliza, je, hilo nalo ni jambo la kufundishwa kanisani? Tusome kwanza, kisha tutaona.

Yakobo na kaka yake

Yakobo alikuwa amekaa ugenini kwa mjomba wake Labani miaka 20. Aliondoka kwao kwa kumkimbia Esau, ambaye alikuwa amemnyang'anya baraka ya baba yao. Sasa anarudi akiwa na wake, watoto na mifugo mingi. Anapata habari kwamba Esau anakuja kumlaki akiwa na watu 400. Yakobo anaogopa sana.

Tutazame alivyofanya. Kwanza aligawa watu na wanyama wake makundi mawili. Pili aliomba. Tatu alitanguliza zawadi. Tukihesabu mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda waliotajwa katika Mwanzo 32:14-15, bila ndama wa ngamia, twapata wanyama 550. Hiyo ni mali nyingi hata kwa sisi watu wa Mara tunaojua thamani ya ng'ombe. Hata hivyo moyo wake haukutulia. Usiku akawavusha jamaa zake wote kwenye kivuko cha mto Yaboki, naye akabaki peke yake.

Mto huo upo hata leo katika nchi ya Yordani. Huitwa Zarqa, nao hupita kwenye bonde lenye kina kabla ya kuingia katika mto Yordani. Hapo ndipo Yakobo aliposhindana na Mungu hata alfajiri. Alitoka hapo na jina jipya, na pia na nyonga iliyoteguka. Kulipokucha alichechemea kumwendea kaka yake.

Paulo na barabara ya Aso

Mfano wa pili ni mfupi, nao wasomaji wengi huupita bila kuuona. Paulo alikuwa Troa. Usiku alihubiri hata alfajiri, na kijana Eutiko alisinzia akaanguka kutoka dirishani. Asubuhi wenzake walipanda merikebu kuizunguka rasi. Paulo yeye alichagua kwenda kwa miguu mpaka Aso, mwendo wa kilomita zipatazo 30, akapanda merikebu huko. Luka hatuambii sababu. Lakini tukisoma mbele kidogo twaona kwamba Paulo alikuwa njiani kwenda Yerusalemu akijua kwamba vifungo vinamngoja, na kwamba muda si mrefu angeagana kwa machozi na wazee wa Efeso. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo huhitaji siku moja ya kimya.

Sisi wa Mwigobero twaweza kulielewa jambo hili upesi. Kila siku twaona vyombo vikiondoka mwaloni na abiria, magunia na kelele nyingi. Chomboni mtu hapati nafasi ya kuwaza, maana atasalimiwa, ataulizwa bei ya dagaa, atasimuliwa habari za watu. Njia ya miguu haina maneno.

Lakini tuangalie sana. Si kila mwendo wa miguu ni wa namna moja. Wazee wetu walitusimulia jinsi Mwalimu Nyerere alivyotembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba 1967, maili 138, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa mwaka huo. Mwendo ule ulikuwa wa kuonekana na watu, ili nao watiwe moyo, na ulifaa kwa kusudi lake. Mwendo wa Yakobo na wa Paulo ulikuwa wa kuonwa na Mungu peke yake.

Mwendo wetu bondeni

Hapa hatuna budi kutoa ushuhuda, ingawa hautupi sifa. Tumefundisha walimu wanafunzi miaka mingi kwamba mfano wa kweli hushinda maelezo kumi.

Sisi tunaoandika somo hili tunaye mdogo wetu wa tumbo moja, anayekaa upande wa Buswahili, kwenye bonde la mto Mara. Dada yetu alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walikuwa haki ya mdogo wetu, ili naye aoe. Hiyo ndiyo desturi, na sote tulikuwa tukiijua. Baba alikuwa amekwisha fariki, nasi kwa kuwa ni wakubwa na tumesoma, tulijipa mamlaka. Tuliuza ng'ombe watano tukamalizia nyumba yetu ya mjini. Tulisema tutawarudisha, wala hatukuwarudisha. Mdogo wetu alichelewa kuoa na kwa taabu kubwa. Miaka kumi na mmoja hatukusemezana. Na katika miaka hiyo yote tulikuwa tukipiga magoti mezani pa Bwana kupokea Ushirika Mtakatifu, na kupeana mikono ya amani na watu wote kanisani isipokuwa yule mmoja ambaye hakuwapo.

Mwaka tulipostaafu tuliazimu kwenda. Mara mbili tulipanda gari, na mara mbili tulishuka njiani tukarudi. Gari lilikuwa likifika upesi kuliko moyo. Mara ya tatu tulishuka darajani Kirumi saa moja asubuhi, tukashika njia ya bondeni kwa miguu, tukiuacha mto upande wa kushoto.

Mto Mara hutoka katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na baada ya kilomita zipatazo 395 huingia Ziwa Victoria hapa kwetu. Lakini kabla ya kufika Kirumi huacha kuwa mto wa kuonekana. Hutawanyika katika kinamasi kikubwa cha mafunjo marefu kuliko mtu. Maji yamo ndani, wala huyaoni. Njia hupita pembezoni, mara kwenye mashamba ya mihogo na mtama, mara kwenye malisho, kisha hurudi tena karibu na mafunjo. Wakati wa masika maji hupanda na njia huhamia juu. Sisi tulikwenda mwezi Julai, njia ilikuwa kavu.

Mpaka saa nne tulikuwa tukiandaa hotuba. Tulimweleza mdogo wetu kichwani jinsi saruji ilivyopanda bei, jinsi watoto wetu walivyokuwa wengi, jinsi yeye naye alivyotutukana mbele za watu. Hotuba ilikuwa nzuri, yenye mpango, kama ya mwalimu.

Kufikia saa sita jua lilikuwa kali na miguu ilianza kuuma. Ng'ombe walikuwa wakishuka kunywa maji, na yangeyange weupe wakiwafuata. Kijana mchungaji alituamkia, akauliza, "Shikamoo babu. Umepotea?" Tukamwambia hapana, tunakwenda kwa ndugu. Akasema, "Basi babu, leo watachinja." Tulicheka, lakini neno lile lilituchoma. Tulikaa chini ya mti, tukala viazi vitamu tulivyofungasha, na tukawatazama ng'ombe wale wakinywa. Tukawahesabu watano wa kwanza. Tangu hapo hotuba ilikwisha, hatukuweza kuikumbuka.

Alasiri tulitembea tukiwa na maneno mawili tu: tumekosa, na tutalipa. Hayo ndiyo yaliyobaki baada ya njia kuyachuja mengine yote. Ndipo tulipofahamu kwa nini Yakobo alihitaji usiku mzima baada ya kutanguliza wanyama 550. Zawadi hupelekwa na watumwa, bali toba hupelekwa na mwenyewe.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Mdogo wetu alikuwa uani akianika kamongo. Hakukimbia kutulaki kama Esau. Hakusema shikamoo. Alitutazama miguu iliyojaa vumbi, kisha akauliza, "Umetembea kutoka wapi?" Tukamwambia, kutoka darajani. Akasema, "Pikipiki zimejaa pale." Tukamjibu kwamba kwa pikipiki tungefika kabla hatujawa tayari. Alinyamaza muda mrefu. Akaingia ndani akatoa kigoda na maji ya kunywa.

Tukayasema yale maneno mawili. Alisikiliza bila kujibu. Mkewe alisonga ugali, tukala pamoja, tukalala. Asubuhi alikuja mlangoni akasema, "Shikamoo kaka." Kisha akataja masharti yake: ng'ombe watano, nao walipwe mbele ya wazee wa ukoo, si kwa siri. Tulikubali. Tumekwisha lipa watatu. Wawili wangali deni letu, na mpaka leo mazungumzo yetu si mepesi kama ya zamani. Lakini twasemezana.

Mafundisho matatu

1. Kutembea peke yako si kuwakimbia watu. Yakobo alivusha jamaa zake kwanza, kisha akawafuata. Paulo alipatana na wenzake mahali pa kukutana. Anayejitenga bila kuagana wala kusudi la kurudi, huyo anakimbia. Bwana wetu mwenyewe aliondoka alfajiri kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35), kisha akarudi kazini.

2. Mwendo mrefu huchosha kiburi. Tukikaa barazani twaweza kujitetea mwaka mzima. Mwili ukichoka, maneno ya bure huanguka yenyewe. Nyonga ya Yakobo iliteguka, naye akaenda kwa Esau akichechemea, si kama mshindi.

3. Mwisho wa njia ni mtu. Katika Mathayo 5 Bwana haagizi tuache sadaka madhabahuni ili tupate utulivu wa moyo. Aagiza twende kwa ndugu. Kutembea bila kufika kwake ni mazoezi ya viungo tu.

Kwa atakayetaka kwenda

Yafaa kuangalia mambo machache. Waage watu wa nyumbani, uwaambie njia na saa ya kurudi. Chagua kiangazi. Usipite karibu na ukingo kabla jua halijachomoza wala baada ya kuzama, kwa kuwa viboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, na mtu akisimama kati yao na maji huwa hatarini. Usichote maji wala kunawa mahali usipopajua, kwa ajili ya mamba. Waulize wenyeji njia katika kila kijiji. Chukua fimbo, maji ya kutosha, chakula kidogo na viatu ulivyokwisha vizoea. Asiye na nguvu za kutembea asihuzunike. Siku moja ya kukaa kimya chini ya mti nyumbani yaweza kufanya kazi ileile, mradi mwishoni ainuke, au amtume mtu kumwita ndugu yake.

Jambo la mwisho. Katika Kiebrania neno Mara lina maana ya uchungu (Kutoka 15:23). Jina la mto wetu halitoki huko, ni kufanana kwa matamshi tu. Lakini wana wa Israeli walipofika kwenye maji yale machungu, Mungu hakuwapeleka kwanza kwenye maji mengine. Alimwonyesha Musa mti, akautia katika maji yaleyale, yakawa matamu. Nasi tusitafute ndugu wengine badala ya wale tuliokosana nao.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini Yakobo hakutosheka na kupeleka zawadi peke yake?
2. Kuna tofauti gani kati ya kujitenga kwa Yakobo mtoni na kukimbia kwake alipokuwa kijana (Mwanzo 27:41-45)?
3. Je, ni haki mtu aliyedhulumiwa kuweka masharti kabla ya kupatana? Toeni sababu.
4. Kila mmoja afikiri moyoni, bila kutaja jina: ni nani ambaye ningehitaji kutembea kutwa nzima ili nimfikie?

Sala

Ee Mungu, uliyemngoja Yakobo mtoni usiku, utungoje nasi katika njia zetu. Utuondolee maneno ya kujitetea, utuachie yale ya kweli. Uwape ndugu zetu subira ya kutusikiliza, na sisi nguvu ya kulipa tunachodaiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.