Msamaria Mwema na Mafrateri Wenye Haraka



Wapendwa vijana, kuna swali linalorudi kila mara kwenye vikundi vyetu: je, Mkatoliki anaweza kusoma saikolojia bila kuyumbishwa imani yake? Jibu ni ndiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes (1965) namba 62, unataka wachungaji watumie pia matunda ya sayansi za kidunia, na saikolojia imetajwa kwa jina. Leo tuone kwa nini, kwa kutumia utafiti mmoja unaotugusa sana sisi tulio seminarini.

Matawi kwa ufupi

Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Tangu hapo saikolojia imegawanyika katika matawi mengi. Saikolojia ya makuzi inafuatilia jinsi mtu anavyobadilika toka utoto hadi uzee. Saikolojia tiba inashughulika na wenye sonona, hofu na magonjwa mengine ya akili. Saikolojia ya utambuzi inachunguza kumbukumbu na kufikiri. Halafu kuna saikolojia ya jamii, inayouliza: mazingira na watu wanaotuzunguka wanabadilishaje matendo yetu? Utafiti wetu wa leo unatoka hapo.

Njia ya kwenda Yeriko, pale Princeton

Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi aliandaa hotuba fupi. Baadhi walipewa mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), wengine walipewa mada ya kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Kisha kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba yake. Wapo walioambiwa bado wana muda, wapo walioambiwa waende moja kwa moja, na wapo walioambiwa wameshachelewa, wanasubiriwa.

Njiani, kwenye kichochoro, mtu alikuwa ameinama mlangoni, akikohoa na kugugumia kwa maumivu. Alikuwa amewekwa pale na watafiti, ila wanafunzi hawakujua.

Matokeo? Katika wanafunzi 40, waliotoa msaada wa namna fulani walikuwa 16. Wasio na haraka walisaidia kwa asilimia 63, wenye haraka ya wastani asilimia 45, na wenye haraka kubwa asilimia 10 tu. Waliokuwa wanakwenda kuongelea Msamaria Mwema walisaidia zaidi, lakini kwa hesabu za watafiti tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba mada ndiyo iliyowasimamisha. Yaani kuna waliompita mgonjwa wakiwa na Msamaria kichwani!

Je, walikuwa wanafiki?

Tusiwahukumu haraka. Watafiti waliona kwamba baadhi ya waliopita walifika wakiwa na wasiwasi. Walibanwa katikati: huku mtu anaumwa, kule kuna mtu anawategemea wasichelewe. Walikuwa wanawahi wajibu halali kabisa. Ndiyo maana utafiti huu unanitisha kuliko kama ungewahusu watu wabaya. Mtu anaweza kuwahi jambo jema na akampita ndugu yake.

Sasa, kama haraka inatuendesha namna hii, je, hatuna uhuru? Hapana. Asilimia 10 siyo sifuri. Hata katika haraka kubwa kuna aliyesimama. Mazingira yanasukuma, lakini hayaamui badala yetu. Katekisimu (namba 1735) inafundisha kwamba hofu, shinikizo na mazoea vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Hapo saikolojia na teolojia ya maadili zinapeana mkono: moja inatuonyesha uzito tuliobeba, nyingine inatukumbusha kwamba neema inaweza kutusimamisha hata tukiwa na uzito huo.

Haraka ya Yesu

Somo taratibu Marko 5:21-43. Binti wa Yairo yuko mahututi, baba yake amemsihi Yesu, umati unasongamana. Kama kuna safari ya dharura, ni hiyo. Lakini Yesu anasimama kwa ajili ya mwanamke mmoja mgonjwa, anamtafuta, anamsikiliza mpaka mwisho. Wakati huohuo taarifa inafika kwamba binti amefariki. Bado Yesu anaendelea, na binti anafufuliwa. Kusimama kwake hakukumnyima Yairo kitu.

Haraka yenyewe siyo dhambi. Mama Maria alikwenda kwa haraka kwa Elizabeti (Lk 1:39). Tofauti ni kwamba haraka yake ilimpeleka kwa mtu.

Tufanye nini?

Kujua mfano wa Msamaria hakutoshi, inabidi kupanga siku kwa namna inayoacha nafasi ya upendo. Nawashauri mambo matatu:

1. Ondoka nyumbani dakika kumi mapema, hasa ukienda Misa au jumuiya. Dakika hizo ni za yule utakayemkuta njiani.
2. Ukijisikia unakimbia, inua macho kutoka kwenye simu, uangalie nani yuko pembeni yako.
3. Jioni, unapotafiti dhamiri, jiulize: leo nilimpita nani, na nilikuwa nawahi nini?

Tusali: Ee Yesu, wewe ulisimama kila ulipoitwa. Utufundishe kuwahi mema bila kuwapita ndugu zetu. Utupe macho ya kuona na miguu inayojua kusimama. Amina.

Tuombeane.