Leo Kesi Imeitwa kwa Jambo Gani?
Kijitabu cha kuelewa hatua za kesi ya jinai Tanzania Bara kabla ya ushahidi kusikilizwa

Karani anaita jina, mshtakiwa anasimama kizimbani. Mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika na anaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika tarehe, kisha jina lingine linaitwa. Yote yamechukua dakika chache, na ndugu waliotoka mbali wanabaki kwenye korido wakiulizana: ameshinda au ameshindwa? Jibu ni kwamba siku hiyo hapakuwa na kushinda wala kushindwa. Kila mara kesi inapoitwa, mahakama huwa na swali lake mahususi, na swali la kama mtu ana hatia huja mwisho kabisa. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba haki nyingi hupotea kabla shahidi wa kwanza hajaapa, kwa sababu watu hujibu swali ambalo halijaulizwa, au hunyamaza mbele ya lile lililoulizwa.

Kituoni: mtuhumiwa bado si mshtakiwa

Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Huwa mshtakiwa pale anapofunguliwa mashtaka. Polisi, kwa hatua hii, wanatafuta kujua kama kuna kesi. Kwa kawaida Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inawapa saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, nazo zinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Kabla ya kuhojiwa anapaswa kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana maandishi ya mahojiano hayo huitwa maelezo ya onyo. Ana haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wapo wanaosema asiye na hatia hana cha kuficha, basi aeleze yote na kutia sahihi. Hoja hiyo inasahau kwamba karatasi itakayosomwa mahakamani ndiyo hiyo aliyoisaini, wala si yale aliyokuwa nayo moyoni. Kuomba usomewe ulichoandikiwa na kukisahihisha kabla ya kusaini si ukaidi.

Kusomewa shtaka: "ni kweli" ni neno zito

Hati ya mashtaka hutaja kosa, kifungu cha sheria na maelezo ya kosa: lini, wapi, dhidi ya nani. Mshtakiwa husomewa na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapa ndipo mazungumzo ya kila siku na lugha ya mahakama hugongana. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe anaweza kujibu, "Ni kweli nilimchukua, lakini alikuwa wangu." Mitaani hayo ni maelezo ya kawaida, mahakamani huko ni kukana kosa, maana wizi ni kuchukua mali isiyo yako. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: shtaka na viini vyake vifafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka aeleze mambo ya kesi, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga kwa jambo la msingi, iandikwe kuwa amekana. Tahadhari hiyo ina sababu yake: anayetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana uwanja mpana wa rufaa, na kwa kawaida hubaki kulalamikia adhabu tu. Kwa hiyo asiyeelewa shtaka aseme, "Sijaelewa, naomba nifafanuliwe," kabla ya kusema lolote lingine.

Dhamana: swali ni kama atarudi

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Dhamana imejengwa juu ya msingi huo. Swali lake kuu ni kama mshtakiwa atafika tena mahakamani bila kuharibu ushahidi. Wadhamini hujibu swali hilo kwa niaba yake, na akitoroka wanaweza kutakiwa kulipa kiasi walichosaini. Mahabusu naye si mfungwa: anazuiliwa akisubiri kesi. Ni kweli yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitamka kifungu kinachoweka kizuizi hicho kuwa kinyume cha Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, hivyo kizuizi kinaendelea. Wanaolalamika kwamba dhamana inawafungulia wahalifu mlango wana uchungu unaoeleweka, hasa wakikutana na mshtakiwa sokoni siku ya pili. Lakini aliye nje kwa dhamana kesi yake haijafutwa, na kumfunga kwanza ili tuje kuthibitisha baadaye ni kutanguliza adhabu mbele ya hukumu.

Kutajwa, kukabidhiwa, kuondolewa

Kesi inapokuja kwa kutajwa, mashahidi hawasikilizwi. Mahakama inauliza imefikia wapi. Ucheleweshaji hapa ni malalamiko halali, na mshtakiwa anaruhusiwa kuyatoa kizimbani ili yaingie kwenye kumbukumbu. Kwa mashtaka kama mauaji, mahakama ya chini humwambia mshtakiwa kwamba hatakiwi kujibu lolote. Wengi hudhani ananyimwa nafasi, kumbe mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Upelelezi ukikamilika, atasomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo, kisha kesi itakabidhiwa Mahakama Kuu. Hatua hiyo huitwa mwenendo kabidhi. Pia Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kusema hana nia ya kuendelea na kesi, na mshtakiwa akaachiwa. Huko si sawa na kuonekana hana hatia: sheria inaacha uwezekano wa kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Anayetupa nakala za hati zake siku hiyo amefanya haraka.

Usikilizwaji wa awali: sahihi inayofunga mjadala

Hapa swali ni mambo gani hayabishaniwi. Mwendesha mashtaka husoma maelezo ya kesi. Mshtakiwa husema anakubali lipi na anakana lipi. Yaliyokubaliwa huandikwa, husomwa na kusainiwa, na baada ya hapo huhesabika yamethibitishwa. Kukubali jina na makazi hakuna hasara. Kukubali kwamba ulikuwa eneo la tukio usiku ule ni jambo jingine kabisa.

Atakuja mtu aseme haya yote ni kazi ya wakili. Ni kweli wakili ni ngao bora, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na watoa msaada kwa wasio na uwezo. Lakini wakili akiwapo au asiwepo, anayeulizwa "ni kweli au si kweli" ni mshtakiwa mwenyewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lugha imepungua kuwa kikwazo; kilichobaki ni uzito wa maneno. Ndiyo maana ndugu wanaotoka mahakamani, badala ya kuulizana nani ameshinda, waulize mambo matatu kwa karani au wakili: leo kesi imeitwa kwa jambo gani, nini kimeandikwa, na tarehe ijayo inakuja kwa ajili ya nini.